Chupa Mbili Ngazini

Nilimimina kidogo kwenye saruji. Haikutoa povu. Chupa iliyobaki ngazini ilikuwa ya maji.

Asubuhi Mzee Jabiri, mwenye gesti, alileta dumu la asidi ya kusugulia vyoo kutoka Korogwe, akaniambia niigawe kwenye chupa za maji, maana dumu zima ni zito kupandisha ghorofani. Nikagawa. Ya mwisho niliiacha ngazini jioni, nikaenda kuanua mashuka. Dada Zamda, ninayefanya naye usafi, akaja akaweka pale pale chupa yake ya maji ya kufuturia. Asidi ile haina rangi. Na Zamda alikuwa na mafua siku ya tatu, hasikii hata harufu ya jiki. Basi kaondoka na yangu.

Nilishuka mbio. Simu yake ilikuwa mapokezi, inachajiwa.

"Zamda ametoka?"

"Ameenda kufuturu," alisema Mzee Jabiri. "Na wewe, mashuka umemaliza?"

Nilitoka mlangoni akiwa bado anauliza. Sikuwahi kumfanyia hivyo.

Nje, Siamanta muuza maziwa alikuwa anakusanya vidumu vyake kando ya barabara.

"Umemwona Zamda?"

"Kavuka, kwa Bibi Maryamu. Munira, leo unakimbia? Wewe si hata kuku akikutazama unainama?"

Malori ya Segera yalikuwa yamefuatana, moja nyuma ya jingine. Nikiwa bado ukingoni, adhana ikaanza. Tende kwanza, halafu maji. Tende moja inatafunwa kwa muda gani? Nikavuka. Basi lilinipigia honi, kondakta akanitukana mpaka nikaingia uani.

Wanawake kama kumi walikaa mkekani. Zamda alikuwa mwisho kabisa, ukutani, anatema kokwa kiganjani. Mkono wa pili umeshika chupa.

Nilitaka kuita. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alinisimamisha nisome, sauti ikagoma kutoka, wenzangu wakacheka, sikurudi tena. Sasa ikagoma vile vile. Zamda akainua chupa.

"Usinywe!"

Wote waligeuka. Yeye pia, chupa ikiwa mdomoni. Nikaruka sahani za mihogo, nikaipiga kwa kiganja. Ikaangukia pembeni ya mkeka, na sakafu ikachemka povu jeupe.

Zamda akaanza kutema. Mdomo wake wa chini ulikuwa umebadilika rangi.

"Inachoma," alisema. "Jamani, inachoma."

"Umemeza?"

Akatikisa kichwa.

"Sema, Zamda. Umemeza?"

"Sijameza."

Bibi Maryamu alivuta ndoo. Zamda akasukutua, akatema, akasukutua tena, mpaka ndoo ikaisha tukaleta nyingine. Kiganja changu nacho kilikuwa kinawaka, nikakitumbukiza humo humo. Yusra, binti wa Bibi Maryamu, alishakwenda kutafuta bodaboda ya kumpeleka zahanati.

"Huyu mtoto kakuokoa," Bibi Maryamu alisema. "Na aliyetia sumu kwenye chupa ya maji, Mungu anamwona."

"Anamwona," wakaitikia.

Mmoja akanishika bega, akaniita jasiri. Ningeweza kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

"Ni mimi," nilisema. "Mzee aliagiza, lakini niliyetia ni mimi. Na sikuweka hata alama."

Ule mkono ukatoka begani. Bibi Maryamu aliinama kuokota tende zilizomwagika, akawa anazipangusa moja moja bila kuinua uso.

Zamda alinigeukia. Mdomo ulikuwa umeanza kuvimba.

"Maji," alisema.

Nilichota mtungini, nikampa kikombe kwa mikono miwili. Akakipokea, akakichungulia, akanirudishia.

"Anza wewe."

Nilikuwa bado sijafuturu. Nikanywa, yeye akilitazama koo langu likishuka na kupanda. Nilipofika nusu alinyoosha mkono akakichukua.