Deraya Isiyo na Mfupa

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Baraza Kuu la Dola Nne za Mlima, mimi Runji, Jaji Mkuu wa Mizani, natangaza kwa walimwengu wote kwamba katika mwaka huu wa 2190 hakuna silaha wala deraya itakayoingia vitani kabla ya kupimwa kwa mkono wangu usiopendelea mtu.

Baraza Kuu lina watu wanne. Hukutana Jumapili alasiri nyuma ya jiko la shule, karibu na pipa la makombo, kwa sababu huko ndiko jua hufika. Mwalimu wa zamu ukimuuliza atakwambia kuwa sisi ni wanafunzi wa kidato cha tatu wenye daftari, na hatakuwa amekosea.

Lakini ni daftari zito. Ni la nne sasa, lenye jalada gumu na kurasa mia tatu. Jumatatu huwa kwa Mwenda, Jumanne kwangu, Jumatano kwa Kanana, Alhamisi kwa Jamaldin. Siku yako ikifika unaandika dola yako imefanya nini miaka hiyo ya mbele. Tunaandika kwa wino. Hakuna kufuta. Kilichoandikwa kimetokea, aliyekufa amekufa, na mji ukianguka, mwenyewe anatoka kwenye Baraza.

Shida yetu ilikuwa deraya. Hizi ni suti za chuma zenye mota. Ukiivaa unainua lori kama sufuria tupu. Katika wiki ya kwanza kabisa, tukiwa kidato cha pili, Mwenda aliunda deraya iliyobomoa Embu yote kwa sentensi moja, na Kanana, ambaye Embu ilikuwa yake, hakumsemesha mpaka tulipofunga shule. Tukaanza upya. Aliyetuokoa ni Jamaldin. Baba yake, Mzee Mahmood, ana bucha pale Makutano, na katika bucha hiyo hakuna nyama tupu. Ukiagiza kilo unapewa na mfupa wake. Ukitaka steki peke yake, tafuta kwingine.

"Na deraya ziwe hivyo," Jamaldin alisema. Kwa mtu asemaye mara tatu kwa wiki, hiyo ilikuwa hotuba.

Tangu hapo kila deraya ina safu mbili: Nyama, yaani nguvu zake, na Mfupa, yaani udhaifu wake. Ya Kanana huruka, lakini kuivaa huchukua saa nane na unahitaji watu wawili wa kukufunga vifungo. Ya Mwenda huvunja kuta lakini haioni nyuma. Ya Jamaldin ina nguvu kuliko zote, ila hupata moto. Usipotoka ndani yake kabla wali haujaiva, unaiva wewe. Yangu humfanya mvaaji asionekane, lakini hunuka kitunguu. Deraya mpya hukaa ukurasani siku saba. Yeyote akiona nyama imezidi, anaandika chini yake, "Mfupa uko wapi?" na mwenyewe lazima ajibu. Siku saba zikipita kimya, ni sheria.

Nilifanywa jaji kwa sababu wengine walikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa nieleze kuhusu mji wa Jamaldin, na hapa naomba niache utani kidogo. Uko chini kule Mitunguu, ambako migomba ya mwaka 2190 ina urefu wa ghorofa kumi na maji hupanda mifereji yenyewe. Unaitwa Mwanatatu. Hilo lilikuwa jina la nyanya yake, aliyemlea. Nyanya alifariki mwezi wa nne. Wao ni Waislamu, huzika siku hiyo hiyo. Mpaka ruhusa ya kutoka shuleni ikaandikwa, ikapigwa muhuri, na mwalimu mkuu akapatikana, Jamaldin alifika Makutano watu wakiwa wameshatoka makaburini.

Alirudi shuleni bila kusema neno. Alhamisi yake ilipofika aliandika kurasa sita. Nyanya Mwanatatu alikuwa hai, ana miaka mia mbili na arobaini, ni gavana wa mji, anakataa fimbo, anakataa daktari, na kila asubuhi anakalia kiti chake barabarani kuwauliza wapita njia kama wamekula. Tulisoma wote watatu. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi hucheka kwenye maombi.

Niliyajua hayo yote Jumatatu ile nilipochukua daftari kwenye dawati la Mwenda.

Ilikuwa mzaha. Nilikuwa nimechoka kuwa jaji asiye na kesi. Kila mtu alikuwa mwaminifu mno. Kwa hiyo niliiga mwandiko wa Mwenda, herufi zake zinazolala kama zimelewa, nikaandika deraya mpya kwa jina lake. Nyepesi kama sweta. Haichoki, haipati moto, haihitaji chaji. Huruka kutoka Makutano, kwenye dola ya Mwenda, hadi Mitunguu kwa mruko mmoja. Hupenya ukuta wowote. Humpikia mvaaji chai. Na kwenye safu ya pili: "Mfupa: hakuna, asante."

Mpango ulikuwa kwamba siku ya sita, Jumapili, mbele ya Baraza, ningesimama juu ya ndoo na kuuliza mfupa uko wapi, kwa hotuba ya dakika kumi niliyokwisha kuiandaa. Mwenda angeapa kwamba hajui lolote, sisi tungecheka, ningekiri, tungeenda kunywa uji.

Ijumaa niliamka na mashavu kama maandazi mawili. Matubwitubwi.

Waliniweka sani, chumba cha wagonjwa, peke yangu. Muuguzi wetu, Sista Karambu, ni mwanamke mpole kwa vyovyote isipokuwa kwa vijidudu.

"Siku tisa," alisema.

"Sista, Jumapili nina kesi."

"Una kesi ya mashavu. Lala."

"Basi nipelekee karatasi tu kwa Kanana. Mstari mmoja."

"Karatasi umeishika kwa mikono ipi?"

"Hii yangu."

"Basi itakaa na mikono yako humu humu."

Jumapili jioni nilimwona Jamaldin akipita na ndoo ya maji. Siku ya saba ilikuwa kesho yake. Nilifungua dirisha nusu.

"Jamal! Ile deraya ya Mwenda!"

Alisimama. "Nimeiona, Jaji."

"Na hujaandika kitu?"

"Mimi?" Alionekana kushangaa kweli. "Mizani ni yako. Kwetu buchani hakuna anayegusa mizani ya mwenzake, hata akiwa ndugu. Wenzangu nao nimewaambia hivyo. Umeiona, umenyamaza, unajua sababu."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne: niliandika mimi, iulizie mfupa. Yalifika mpaka kwenye meno. Lakini nyuma yake walikuwa wavulana wa kidato cha kwanza wanaochota maji, na nilifikiria hotuba yangu, na cheo changu, nikasema, "Nitaishughulikia."

"Najua," alisema. "Pona haraka, bwana. Unafanana na boga."

Sista Karambu akafunga dirisha. Asubuhi kengele ikalia, na deraya isiyo na mfupa ikawa sheria.

Wiki iliyofuata nilivitazama vita kupitia kioo cha dirisha. Sikusikia kitu. Niliona tu daftari likipita mkono hadi mkono chini ya mkaratusi ulio mbele ya sani, na nyuso. Jumatatu Mwenda aliandika huku akipiga miluzi. Jumatano Kanana aliandika akitikisa kichwa. Alhamisi Jamaldin hakwenda kula chakula cha mchana. Aliandika mpaka kengele, akainua kichwa, akaandika tena. Niligonga kioo. Nikafanya ishara za mikono ambazo hata mimi sikuzielewa. Kanana alinipungia mkono kwa huruma, kama unavyompungia mtu aliyelazwa.

Jumapili niliachiwa. Nilikimbia mpaka nyuma ya jiko. Wote watatu walikuwepo.

"Jaji kafufuka," Mwenda akasema. "Keti. Umekosa mambo."

Nilisoma kurasa haraka haraka. Mwenda alikuwa ameruka mruko mmoja kutoka Makutano. Ukuta wa kwanza wa Mitunguu ulikuwa umeanguka, na wa pili. Sikuthubutu kugeuza kurasa za Alhamisi.

"Baraza litulie," nikasema, nikapanda juu ya ndoo. "Deraya hii ina kasoro. Ni lazima ipate moto. Mota yoyote hupata moto."

"Imeandikwa haipati," Mwenda akasema.

"Betri basi. Tuseme inaisha."

"Haihitaji."

"Magoti! Chuma chepesi hivyo, magoti yatapinda ikitua."

"Jaji, siku saba zimepita. Ulikuwa wapi na magoti yako?"

"Nilikuwa naumwa!"

"Mashavu, si macho. Daftari lilikuwa kwako Jumanne, siku tatu kabla hujaumwa." Alinigeukia vizuri. "Mimi mwenyewe nilingoja uulize. Hukuuliza, nikasema basi, leo dunia imenipenda."

"Mwenda, hebu mwache mji. Zunguka. Nenda Embu."

"Ee, Embu imefanya nini tena?" Kanana akadakia.

"Haina haja," Jamaldin alisema.

Tulimgeukia, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo.

"Nimeshamaliza. Alhamisi." Akachukua daftari mikononi mwangu, akafungua, akasoma kwa sauti ile yake ya chini. Watu wote wa mji wameondoka, mtaa kwa mtaa. Aliwataja kwa majina, wengi mno, mpaka mwuza kamba na mwanawe. Nyanya amekataa kuondoka. Amebeba kiti chake mwenyewe hadi langoni. Mjukuu wake ameketi chini kando yake tangu adhuhuri. Wamekula ndizi. Wameongea mambo yote. Alasiri, kabla deraya haijafika langoni, Nyanya amefumba macho, na mjukuu alikuwepo.

Akafunga daftari.

"Sikutaka mtu mwingine aandike," alisema. "Mji ni wako sasa, Mwenda."

Mwenda alikuwa ameangalia viatu vyake. "Jamal, mimi nisingemgusa. Wallahi, ningepita juu."

"Hukusema."

"Hukuuliza!"

Upande wa jiko mpishi alikuwa anakwangua sufuria. Kanana alivuta pumzi, akatoa karatasi yake ya kumbukumbu, kwa kuwa yeye ndiye katibu na mji ukianguka huwa tunaandika sababu.

"Mji wa Mwanatatu," akasoma akiandika, "umeanguka kwa deraya iliyoundwa na Mwenda, Jumatatu tarehe..." Kalamu ikasimama. "Ngoja. Jumatatu ile si mlikuwa Embu? Mechi ya voliboli?"

"Tulikuwa Embu," Mwenda akasema. "Tulifungwa seti tatu. Nilirudi Jumanne nikaikuta imeandikwa. Nilidhani ni wewe umenijazia zamu."

"Mimi nilidhani uliandika kabla ya kuondoka."

Hesabu ilikuwa fupi. Katika watu wanne, mmoja alikuwa Embu, mmoja ni katibu asiyeongopa hata kwa matroni, na mmoja asingebomoa mji wake. Nilishuka kwenye ndoo polepole.

Jamaldin hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniangalia tu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

"Jaji," alisema. "Pale dirishani ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaninyamazia?"

Nilitafuta neno kubwa la kujifichia, na mimi huwa nayo mengi. Hakuna lililokuja.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika Jumatatu wakati wa masomo ya jioni, kwa mwandiko wa Mwenda. Nilitaka mcheke. Pale dirishani ningeweza kukwambia na nyanya yako angekuwa hai, lakini watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanasikia, nikaona haya."