Chumba cha Tatu

Siku waliyokuwa wanamzika Mwalimu Telesphori, Rosemary alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumnywesha mumewe uji aliposikia hodi mlangoni. Alikuwa Sesilia, katibu wa kwaya ya parokia, kitenge kiunoni na macho mekundu kwa kulia.

"Shikamoo, Mama Salvina."

"Marahaba, mdogo wangu. Poleni na msiba. Karibu ndani."

Sesilia hakukaa. Alisema watoto wa marehemu wameomba jambo moja tu. Jeneza likishushwa, wausikie ule wimbo wa Pentekoste ambao baba yao aliuongoza kwa sauti yake mwenyewe. Walikuwa wameuliza kwaya nzima, na hakuna aliyekuwa nao kwenye simu. Ulikuwa kwenye kompyuta ya Thobias, kwa kuwa Thobias ndiye aliyerekodi.

Wanawake wote wawili walimgeukia Thobias. Alikuwa ameegemezwa kwa mito kwenye kitanda walichokihamishia sebuleni tangu kiharusi kilipompiga. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mizigo kule Isaka, na kila Jumamosi akirudi nyumbani Nyasubi alikuwa akirekodi kwaya na kuimba besi humo humo. Sasa mkono wake wa kulia ulilala pembeni kama si wake, na maneno yalikuwa yamemvurugikia kinywani. Akitaka maji alisema kiatu. Akikosa hata neno la kukosea, alifumba macho akageukia ukutani.

Lakini kusikia alisikia. Sesilia alipotaja wimbo, aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu, na kuelekeza mkono wa kushoto kwenye meza ya dirishani.

"Basi tuiwashe," Rosemary alisema. "Kuwasha najua."

Kompyuta iliwaka, ikanguruma kidogo, kisha ikatulia. Kwenye skrini hapakuwa na kitu. Hapakuwa na picha ndogo za kubonyeza, wala menyu, wala jina la faili lolote. Rangi ya kijivu tupu, na chini kabisa pembeni mstari mwembamba wenye namba ndogo na saa. Mausi haikuwepo. Thobias alikwisha kuiondoa zamani, akisema inamchelewesha.

Sesilia alikuwa anafanya kazi kwenye stesheneri karibu na soko, akichapa na kutoa kopi kutwa nzima. Alivuta kiti kama mtu anayejua anachofanya. "Hii imegoma kufunguka vizuri tu. Tubonyeze hiki chenye alama ya bendera, menyu itakuja."

Alikibonyeza kitufe cha bendera. Kimya. Akakishikilia chini kwa kidole kimoja, na kwa kidole kingine akapiga enta. Dirisha jeusi likatokea, likajaza skrini nzima, na kistari kikawa kinapepesa ndani yake.

"Hiki nini?" Rosemary aliuliza.

"Sijui." Sesilia akarudia vile vile. Lile jeusi likajibana upande wa kushoto, na jeusi jingine likakaa kulia. Akarudia tena. Sasa yalikuwa matatu, yamegawana skrini kama ndugu waliogawana shamba, hakuna linalomfunika mwenzake.

"Yanazaana! Acha, Sesilia, utaiharibu!"

"Nataka kuyafunga, Mama Salvina. Hayana hata alama ya kufungia."

Katika kuhangaika, vidole vyake viligusa kitu kingine, na madirisha yote matatu yakatoweka kwa mpigo. Ikabaki ile rangi ya kijivu.

"Mayu!" Rosemary alishika kichwa. "Umefuta! Kazi zote za Baba Salvina zimo humo!"

"Sijafuta! Sijui nimefanya nini, lakini sijafuta."

Kitandani Thobias alianza kunguruma. Uso ulimwiva kwa kutafuta neno, na mwishowe lilitoka, zito lakini zima: "Chumba."

"Chumba gani, Baba Salvina?"

"Chumba... cha tatu."

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Rosemary alitoka mbio hadi chumba cha mwisho, ambacho walikifanya stoo, na Sesilia akamfuata. Waliinua magunia ya mpunga, wakapangua ndoo na majembe, wakatazama hadi nyuma ya baiskeli mbovu. Walichokuwa wanakitafuta hawakukijua: labda flashi, labda kompyuta nyingine. Walirudi na vumbi nyweleni na mikono mitupu.

Thobias alikuwa akipigapiga shuka kwa kiganja. "Chumba cha tatu!" alisema tena, na safari hii aliongeza: "Ufunguo. Ufunguo wa... bendera."

Rosemary alichukua bunda la funguo msumarini akamwekea mkononi. Thobias alizitazama, akazitupa sakafuni. Machozi yalimtoka. Rosemary naye, ambaye hakuwa amelia mbele yake tangu siku ile ya hospitali, aliketi ukingoni mwa kitanda akalia waziwazi.

"Sikuelewi, mume wangu. Nisamehe. Sikuelewi."

Thobias aliacha kupiga shuka. Aliinua mkono wa kushoto mbele ya uso wa mkewe, akaushusha kitandani: kidole gumba alikishindilia kwenye godoro na kukiacha hapo, kisha kwa kidole cha kati akagonga godoro mara moja. Akarudia.

Sesilia ndiye aliyeanza kushtuka. "Anabonyeza. Mama Salvina, hiyo ni kibodi. Bendera... si ndicho hiki kitufe?"

Ndipo Rosemary alipokumbuka mumewe akijisifu zamani kwamba kompyuta yake ina vyumba, kila kazi ina chumba chake, na ikiwashwa tu kila kitu huenda kukaa mahali pake. Yeye siku hiyo alikuwa anachambua dagaa na hakusikiliza. Alisogea mezani akatazama namba zile ndogo chini pembeni. Kulikuwa na moja, mbili na tatu, na mbili ilikuwa imewaka: kumbe Sesilia alikuwa amehama chumba tu, hakufuta kitu.

Alishikilia bendera, akabonyeza tatu.

Chumba kilifunguka. Upande mmoja wa skrini ulikuwa na orodha ndefu ya majina ya nyimbo, upande wa pili mawimbi ya sauti yaliyochorwa kwa kijani. Kwa kitufe cha mshale alishuka jina hadi jina, akafika penye Pentekoste, akapiga enta.

Kwanza ilisikika kelele ya viti. Kisha sauti ya mwanamume, changamfu na ya haraka: "Jamani, simu zimeni. Mama Salvina, nakuona unacheka. Haya, Mwalimu, tuanze."

Alikuwa Thobias. Rosemary aliitazama spika, akamtazama mumewe, akawa hajui aangalie wapi. Ile sauti alikuwa ameisahau, na hakujua kuwa ameisahau.

Mwalimu Telesphori alianza ubeti peke yake, kwa ile sauti yake nyembamba, na Sesilia akatoa simu haraka akaisogeza karibu na spika, arekodi. Kwaya ikapokea. Hapo besi ikaingia, lakini haikutoka kwenye spika peke yake. Ilitoka kitandani vile vile.

Thobias alikuwa anaimba. Midomo iliyopinda ilikuwa inatamka kila neno la wimbo, moja baada ya jingine, bila kukosea. Sesilia alitaka kusema kitu, Rosemary akamziba mdomo kwa kiganja.

Wimbo ulipoisha, Rosemary alipiga magoti kando ya kitanda. "Umepona? Baba Salvina, sema basi. Niite jina langu."

Thobias alifungua kinywa. "Meza," alisema. Akasikia alivyokosea, akatikisa kichwa.

Makaburini, wimbo ulipigwa kutoka kwenye simu ya Sesilia hadi spika kubwa za kanisa. Watoto wa marehemu walishikana mikono. Wanakwaya wa besi walitazamana, kwa kuwa waliisikia sauti ya Thobias mara mbili, moja ya zamani na moja nzito inayoburuta nyuma yake kidogo. Rosemary hakumweleza mtu. Angewaeleza nini?

Wiki iliyofuata, mwenzake Thobias wa kazini alikuja kumjulia hali. Alimweleza Rosemary kwamba mumewe aliipanga kompyuta ili madirisha yasilaliane na mikono isiondoke kwenye kibodi. Rosemary aliitikia kwa adabu. Bado hakuona kwa nini mtu ajifichie vitu vyake mwenyewe.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemsaidia zaidi. Alisema wapo wagonjwa wa namna hiyo ambao maneno hukataa na nyimbo hukubali; Thobias ajaribu kuimba anachotaka kusema, taratibu, kila siku.

Kwa hiyo asubuhi moja Rosemary alikuwa anafagia aliposikia kutoka sebuleni sauti ya besi, kwa tuni ya wimbo wa matoleo, ikimwomba afungue pazia. Alisimama na ufagio mkononi, hajui ajibu kwa kusema au kwa kuimba.