Shokapu ya Kushoto

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, gerejini kwake, Dada Springi alisogeza kikombe chake cha chai mbali na jiliwa kisije kikamwagika. Shokapu ya kushoto ilikuwa imebanwa humo tangu Jumamosi iliyopita, imesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Ya kulia ilikuwa imelala juu ya gazeti, haina neno na mtu. Zote mbili zilitoka kwenye pikipiki nyekundu ya chama cha pikipiki kongwe, ile aliyofia mdogo wake, Kiroboto, kwenye kona ya saba mwaka jana.

Watu walikwisha kaa. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, alikuja na kiti chake na shati la mteja lisilo na vifungo. Wauza vipuri wawili waliegemea kompresa. Mama yake Dada Springi alikaa karibu kabisa na meza ya kazi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

"Leo imechelewa," Redio akasema.

"Saa yako ndiyo inakimbia," Dada Springi akamjibu. "Imeiga mdomo wako."

Ilipotimia saa tatu shokapu ikaanza. Kwanza ilitoa oili, jasho jeusi juu ya ufito wa chuma, likateremka mpaka kwenye springi. Kisha oili ikafutwa. Hapakuwa na mkono wala kitambaa, lakini ilifutwa kuanzia juu, mizunguko mitatu, halafu pakapita alama ya kidole gumba, kama cha mtu anayehakikisha. Ikatoka tena, ikafutwa tena. Baada ya hapo shokapu ikazama kidogo, kiasi cha uzito wa kijana mwembamba anayepanda kiti, na mashindano yakaanza.

Ilipanda na kushuka yenyewe, na kila aliyewahi kusimama kwenye uzio wa uwanja ule aliweza kuifuatilia. Hapa ni pale panaponyooka. Hapa ni tuta la kona ya nne. Shokapu nzima hushuka taratibu na kurudi taratibu. Hii ilipigwa na tuta moja ikarukaruka mara tano kabla ya kutulia, na ilikuwa bado haijatulia tuta jingine lilipofika. Mzunguko wa kumi na moja ilishuka mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma, ikafyatuka juu, na ule uzito ukaondoka. Dakika ishirini na mbili zote. Mmoja wa wauza vipuri akasema wangesogeza mbele mpaka saa tatu na nusu, maana huo ndio wakati wateja wanapokuja.

"Amejitahidi," Mama akasema, kama alivyosema jana na juzi.

Katika ofisi ya chama palitundikwa ripoti yenye mistari miwili. Shokapu zilikaguliwa zikakutwa kavu, hazivuji. Dereva alifanya uzembe. Tangu siku hiyo Mama alikuwa hapiti sokoni bila kusikia mtu akimwambia mwenzake kwamba yule ndiye mama yake yule mzembe. Hakutaka fidia wala sanamu. Alitaka neno moja litoke kwenye karatasi, basi.

Kwa hiyo Dada Springi aliwaandikia viongozi, nao Jumatano walikuja, Mwenyekiti na Katibu, wamevaa makoti yenye nembo. Walipewa viti vya mbele na soda. Mwenyekiti alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Hakugusa kitu bila kukifuta kwanza. Oili ilipotoka kwenye shokapu na kuanza kufutwa, gereji nzima iligeuka kuutazama mkono wake. Mkono ulikuwa unafuta mdomo wa chupa ya soda kwa leso ya njano, mizunguko mitatu kuanzia juu, kisha kidole gumba. Chupa na shokapu vilimaliza pamoja.

Redio peke yake ndiye aliyekohoa. Mwenyekiti alikunywa soda yake. Mashindano yakaendelea mpaka kona ya saba, na Katibu akaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

"Mmeona, wanangu," Mama akasema. "Basi lile neno litoke."

"Mama, pole sana," Mwenyekiti akamwambia, na alimaanisha. "Lakini ripoti ni ya mwaka jana. Hii imetokea mwaka huu."

"Na katiba yetu haina kifungu cha shokapu kutoa ushahidi," Katibu akaongeza. "Nimetafuta, mama yangu. Haki ya Mungu nimetafuta."

Mlangoni Mwenyekiti alimkumbusha Dada Springi kwamba mashindano ya kumbukumbu ni Jumamosi, na pikipiki itaendeshwa na binti wa muuza matairi. Azifungue, aweke raba na oili mpya.

"Nitafunga shokapu mpya kabisa," Dada Springi akasema. "Hizi niachieni."

"Pikipiki kongwe haivai kipya. Ni hizo hizo."

"Na nisipozifungua?"

"Zitaenda zilivyo," Mwenyekiti akasema. "Zikifutwa vizuri hazina tatizo."

Dada Springi alikuwa amefungua shokapu tangu enzi za baba yake na alijua kwamba ikishafunguliwa, kilichomo humwagika chote. Alisema hivyo kwa Mama, mara moja tu, huku akitafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Alhamisi binti wa muuza matairi alikuja kupimwa, maana springi hufungwa kulingana na uzito wa anayepanda. Alisimama kwenye mizani na viatu vyake vyote.

"Dada, usizitaje kwa sauti hizo kilo. Redio yuko hapo."

"Nimeshaziona," Redio akasema. "Hiyo pikipiki ihurumiwe."

"Wewe nishonee suruali yangu uache umbea, mwezi wa pili huu!"

Binti alicheka mpaka akashika kompresa. Mama alikuwa anamtazama tu.

"Una mama, mwanangu?"

"Ninaye, bibi. Mkali huyo! Hajui kama nimekuja huku."

Mama akamgeukia Dada Springi. "Ifungue," akasema. "Kesho, mdogo wako akishamaliza."

Ijumaa ilijaa watu mpaka barabarani. Mzunguko wa kumi na moja ulipokwisha, Mama aliweka kiganja juu ya shokapu, bado ina moto, akakiacha hapo mpaka chuma kilipopoa. Ndipo Dada Springi akaibana springi, akaitoa, akafungua kifuniko. Ilitoka oili nyeusi isiyozidi vijiko viwili, mahali palipotakiwa kutoka kikombe. Aliimwaga kwenye debe la oili chafu, kwa kuwa ndipo oili chafu inapomwagwa. Jioni, ikiwa na raba na oili mpya, shokapu ilishuka taratibu na kurudi taratibu.

Jumamosi saa tatu haikutikisika. Binti wa muuza matairi alimaliza wa sita, akalalamika kwamba kofia ilimbana masikio.

Baada ya hapo watu waliingia katika ukumbi wa chama. Mwenyekiti alisoma hotuba. Alisema chama chake hakijawahi kuingiza uwanjani shokapu mbovu hata moja, tangu kianzishwe. Redio alianza kupiga makofi, wauza vipuri wakafuata, kisha wote waliokaa wiki nzima gerejini na viti vyao, maana hakuna aliyetaka kuonekana amekaa kimya peke yake.

Mama, ambaye alikuwa nyuma na hasikii vizuri, aliuliza wanapiga makofi ya nini. Dada Springi akamwinamia sikioni, akamwambia neno kwa neno.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yule binti?" akauliza. "Ameshafika kwao?"

"Ameshafika, Mama."