Akaunti ya Halidi

Kufunga akaunti za walioondoka ilikuwa kazi ya Nasra, na hakuwa na huruma nazo. Mtu akiaga saa nne, saa tano jina lake limeshafutwa kwenye mtandao wa chama cha wakulima wa viungo, chai ya kumuaga haijapoa. "Akaunti isiyo na mwenyewe ndiyo wezi wanayoitafuta," aliwahubiria wenzake mpaka wakamchoka.

Moja tu hakuifunga, ya Halidi.

Halidi alikuwa bwana shamba wa chama. Pikipiki ilimuua mwaka juzi kwenye kona za barabara ya Mkuyuni. Asubuhi ile alikuwa ametegesha barua pepe yake imjibu kila anayeandika: "Nimepanda milimani, mtandao wa shida. Nikishuka nitakujibu. Kama wewe ni Mnyamwezi, subiri zaidi."

Mnyamwezi wa ofisi alikuwa Nasra. Halidi Mluguru, na watani hao hawana simile. Miaka sita hakumsalimia vizuri hata siku moja. "We mtumwa wangu, umekula?" Ndiyo salamu. Siku Nasra alipojikaza akamwambia anampenda, Halidi alicheka mpaka akashika mbavu. "Leo umeniweza!" Nasra naye akacheka. Angefanyaje?

Basi kila Ijumaa, kabla ya kutoka ofisini, alimwandikia mistari miwili mitatu: mvua imenyesha, karafuu zimechanua, mjinga wee, umeniacha na nani. Jibu lilirudi papo hapo, lile lile. Alijua ni mashine. Hata hivyo alilisubiri wiki nzima.

Ijumaa moja likaja jingine.

"Habari za kazi, dada Nasra. Pole kwa majukumu. Nimeshuka. Naomba neno la siri la kumbukumbu za wakulima, nimelisahau."

Moyo ulimruka. Nimeshuka! Vidole vilishaandika herufi nne za kwanza alipoirudia ile salamu. Dada Nasra. Pole kwa majukumu. Adabu yote hii Halidi ameitoa wapi?

Machozi yalimtoka kabla ya hasira. Mwizi alikuwa amekaa ndani ya akaunti ya marehemu, amesoma barua zote za Nasra, ameona matusi akadhani ni ugomvi, akaja na upole. Na alichokitaka ni majina na simu za wakulima elfu tatu waliomwamini Nasra.

Aliifunga. Akabadilisha maneno yote ya siri, akakagua kila kona mpaka akahakikisha mwizi hakufika kwa wakulima. Kisha akaenda kwa meneja, Mama Yustina, akamweleza.

"Akaunti ya marehemu, miaka miwili?" Mama Yustina alivua miwani. "Wewe, Nasra? Kwa nini?"

Angeweza kusema alisahau.

"Nilikuwa nampenda, mama."

Kwa mazoea akasubiri kicheko. Hakikuja. Mama Yustina alimvutia kiti, akaenda kufunga mlango.