Macho ya Mkaza Mwanangu

Nikutegee, mjukuu wangu: mzigo wa watu wawili, mbebaji mmoja. Ukisema mimba, umepata.

Mwanangu ni fundi viatu. Siku hiyo alimsindikiza mkewe kliniki kwa mara ya kwanza, nami nikawafuata nyuma ili mwanangu asitoroke.

Nesi alimpima presha mkaza mwanangu, akapima tena.

"Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Na macho? Yana ukungu?"

"Nakuona mpaka vinyweleo, dada," akajibu akicheka.

Nesi hakucheka. Akamgeukia mwanangu. "Baba mtoto, presha imepanda vibaya. Kama macho yameanza ukungu, leo halali nyumbani, maana mnaweza kumkosa yeye na mtoto. Wewe unaishi naye. Anaona sawasawa?"

Mkaza mwanangu akambana mumewe mkono. Hakutaka kulazwa, dada yake alilazwa, hakurudi. Mwanangu akainama, akatazama sakafu.

"Sema, baba," nikamwambia.

"Siku zote yeye ndiye hunitungia uzi kwenye sindano," akasema taratibu. "Tangu juzi, tundu halioni."