Kimbunga cha Muhuri wa Muhogo

Mimi, Faradji, mwanafunzi wa mwaka wa nne katika shule ya bweni hapa Kasongo, nakiri kwamba niliwahi kuumba kimbunga. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya bahari. Maji yapate joto la digrii ishirini na sita au zaidi, mvuke upande juu, hewa nyingine ikimbilie pale palipoachwa wazi, na dunia, kwa kuwa inazunguka, iipinde hewa hiyo mpaka nayo izunguke. Mimi nilitumia karatasi ya daftari na kipande cha muhogo.

Sababu ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya pamoja. Kila Jumamosi tunafyeka nyasi za shule nzima, na viganja vyangu vilikuwa vimechoka kulitumikia taifa. Jumatano jioni niliandika tangazo kwa mwandiko wa Prof Théophile wa jiografia: kimbunga kitapita Jumamosi na Jumapili, mtu asitoke, asisafiri. Nikachonga muhogo uwe muhuri, nikauchovya wino, nikagonga, nikabandika langoni.

Asubuhi Prof alilibandua kabla ya kengele. Jumamosi nilifyeka kama wengine.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Baraka wa pikipiki, anayebeba watu na barua kati yetu na Kabambare, alikuwa amelisoma alfajiri.

Jumapili ilikuwa siku ya wageni. Mama alikuwa aje kutoka Kabambare na mdogo wangu Benita, aliyezaliwa mwezi wa pili nikiwa huku, ambaye sijamwona hata kwa picha. Alhamisi inayofuata wangehamia Salamabila, kwa baba anayechimba dhahabu, na kutoka huko wasingekuja tena mwaka huu.

Watabiri huchora njia ya kimbunga kama koni. Setilaiti hukitazama kutoka juu, ndege huingia ndani yake kupima upepo, kompyuta hukisia mara nyingi, kila mara kutoka mwanzo tofauti kidogo. Makisio yakitawanyika, koni inapanuka. Nilikaa langoni na kijiti, nikamchorea mama koni yake mchangani: saa nne, au saa sita, au saa nane. Aristote, jirani yangu wa kitanda, alipita na dada yake wakila ndizi. Kufikia saa tisa koni ilikuwa imefika choo cha walimu. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja.

Saa kumi Baraka akafika peke yake, akafungua kamba nene kutoka kiti cha nyuma.

"Mama yako iko Kabambare. Hawezi kupandisha mutoto kwa pikipiki na kimbunga kinakuja. Ametuma kamba. Ati mufunge paa la pale munalala."

"Nani alimwambia kuna kimbunga?"

"Miye. Karatasi ilikuwa na kashe, muhuri ya shule."

"Na wewe mbona umekuja?"

"Miye siko mutoto muchanga."

Ilikuwa kamba ya mbuzi wetu. Niliinusa kwa muda mrefu kuliko mbuzi anavyostahili.

Baraka angerudi Jumatatu alfajiri. Nikamwandikia mama: hakuna kimbunga, njoo. Baraka akaigeuza karatasi.

"Kashe iko wapi?"

"Anaujua mwandiko wangu."

"Ile ya kimbunga ilikuwa na kashe. Hii haina. Ataamini gani?"

Muhogo wangu Aristote alikuwa ameshaula, na wino wake. Nikaenda kubisha kwa Prof Théophile, kamba begani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kasongo iko digrii ngapi kutoka ikweta?"

"Nne na nusu, Prof."

"Na kimbunga?"

"Karibu hivyo na ikweta dunia haikipindi vya kutosha. Na nchi kavu inakiua."

"Kwa hiyo ulijua."

"Ndiyo, Prof."

Akanipa salongo ya wiki tatu, kila siku, peke yangu. Kisha akafungua droo, akaigonga barua yangu muhuri mara mbili.

Leo ni Jumanne. Wenzangu wako uwanjani, mimi nafyeka kando ya lango. Nimechora koni mpya. Ncha yake iko Kabambare, na upande wa huku ni mpana kuliko lango lenyewe. Nimesimama katikati yake na panga, nasikiliza kama kuna pikipiki.