Ardhi Wanayoipenda Ngamia

Kila kiangazi, maji ya mto Daua yanapopungua na msitu wa kando yake kukauka vya kutosha mtu kupita bila kuzama magotini, Nasteha alipewa kazi ya msimu: kupima udongo. Alichimba, akapima, akajaza mifuko ya khaki, na mvua zilipobisha hodi alirudi nyumbani kusubiri kiangazi kingine. Mwaka huu hakusubiri kuitwa. Aliposikia kwamba mradi wa msitu umefika karibu na Rhamu, kwao, alikwenda ofisini mwenyewe akakaa kwenye benchi mpaka wakachoka kumtazama na kumwajiri. Si mapenzi ya kazi yaliyompeleka. Alikwenda kwa ajili ya adeer Keynan, ndugu wa baba yake, na hakumwendea kwa wema.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kichungu. Baba yake Nasteha alipofariki aliacha mke, binti na shamba la mtoni, udongo mweusi laini ambao hata ukichomeka kijiti kikavu kinakutolea majani. Lul, yule mjane, alipanda nyanya na vitunguu. Keynan alikuwa na ngamia wasiohesabika na maduka mjini, na jembe hajawahi kulishika isipokuwa kulisogeza apite. Lakini jicho la mtu halina shibe. Nyanya zilipokuwa zinatoa maua, aliwatuma vibarua wake wakaufukia mfereji wa maji kwa mawe na matope. Lul alimwendea kwa adabu zote, mtandio kichwani, sauti ya chini. Keynan akamjibu mbele ya wazee waliokuwa wakinywa chai, "Shamba la mjane ni njia ya mbuzi. Maji ya nini?"

Wazee wakacheka. Nyanya zikafa. Na shamba lisilolimwa, Keynan akasema, halina mwenyewe, akalitia mikononi mwake na kuweka watu wa kumlimia. Tangu hapo Lul alikuwa mtu wa kuuza sokoni maziwa ya ngamia wa watu wengine, na Nasteha akaenda kusomea udongo. Watu walimsifu, oo, binti wa marehemu anapenda elimu. Elimu gani! Msichana alikuwa anatafuta mahali pa kumshika yule mzee, basi.

Mradi ulikuwa hivi. Msitu wa mtoni ulikuwa unaisha kwa mashoka na mashamba, kwa hiyo wenye mashamba wangepewa ardhi mpya nje ya msitu ili miti ipate kupumua. Anayechukua ardhi mpya huachia shamba lake la mtoni. Yale yaliyoliingilia pori yangerudishiwa miti, na yale ya zamani, kama la Lul, yangerudi kwa wazee nao wawape wasio na kitu. Hakuna ruhusa ya kushika yote mawili. Mkuu wa wazee alikuwa Maalim, aliyefundisha Kurani vizazi vya mji ule, naye siku ile ya chai alikuwapo. Hakucheka, lakini hakukemea pia, na jambo hilo lilikuwa halijamtoka moyoni.

"Shamba lile likirudi mikononi mwetu, nitampa mama yako," alimwambia Nasteha bila kuzunguka. "Lakini kumnyang'anya hatuwezi, ukoo utagawanyika. Lazima aliachie kwa mdomo wake."

Keynan aliachie! Fisi aachie mfupa kwa hiari! Nasteha aliondoka pale akiwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani.

Ardhi mpya zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa nyekundu, ina kokoto na imejaa mathenge, ule mti wa miiba unaotoboa hadi matairi ya lori. Ya chini ilikuwa tambarare pana, kijani, imeota miswaki na vichaka vinono. Mtu yeyote mwenye macho angechagua ya chini.

Nasteha alianza na hiyo ya chini, pamoja na mchimbaji wake, mzee Golicha, Mborana wa upande wa Wajir aliyekuja Rhamu kwa kazi. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, kwa hiyo walielewana kwa Kiswahili. Shimo lilipofika kifuani, Nasteha aliingia akachukua udongo wa chini kwanza, kisha wa kati, kisha wa juu, kwa maana ukianza na wa juu utaumwagikia ule wa chini na kazi yote itaharibika. Kuta za shimo zilikuwa na michirizi myeupe. Alichovya kidole, akaonja, akatema. Kipima chumvi alichokitia kwenye maji ya udongo ule kilipanda mpaka kikagoma.

"Hii chumvi, binti yangu," alisema Golicha, akiegemea sepetu. "Mwaka ya kwanza utaona mahindi mzuri. Ukimwaga maji kila siku, chumvi ya chini inapanda juu. Mwaka ya pili hata nyasi hakuna."

"Najua, mzee."

Kabla hajatoka shimoni alisikia kwato. Ngamia wa Keynan walikuwa wameteremka, nao hawakuuliza mtu. Waliinamisha shingo kwenye lile rundo la udongo mpya wakaanza kulilamba kwa raha, macho nusu yamefumba. Nyuma yao akaja Keynan mwenyewe, ndevu nyekundu za hina, bakora begani.

"Mashallah! Hebu waangalie!" alisema. "Naa, Nasteha, umechimba nini hapo?"

"Udongo, adeer."

"Udongo gani! Hii ni dawa. Ngamia akikosa chumvi anakonda, ngozi inaota ukurutu, maziwa yanakatika. Akilamba ardhi kama hii anang'aa. Baba yangu alikuwa anatembea siku nyingi kuifuata." Akachota kidogo, akaonja kama aonjaye halua. "Ardhi inayomnenepesha ngamia itashindwaje na mahindi?"

Nasteha alikuwa bado ndani ya shimo, kichwa chake usawa wa magoti ya adeer yake. Jibu lilikuwa ulimini. Mwanafunzi yeyote wa udongo angelitoa: chumvi ni uhai wa ngamia na kifo cha mmea. Lakini Keynan alilelewa na ngamia, aliijua dunia kwa ulimi wa ngamia, na wala hakuwa amemuuliza yeye. Alikuwa amejiuliza mwenyewe na kujijibu. Nasteha akafunga mdomo. Moyo ulimdunda kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, furaha mbaya, na hakuionea haya hata kidogo.

Keynan alipoondoka, Golicha alimshika mkono kumtoa shimoni, lakini hakumwachia upesi.

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

"Binti yangu, udongo ni amana. Ukijua kitu yake, unasema. Hata kwa mtu mbaya."

"Mzee Golicha," alisema Nasteha, "mama yangu alisimama mbele yake akiomba maji. Maji tu, ya mto wa Mungu. Nani alimwambia yeye habari ya amana?"

Golicha alichukua sepetu akaanza kulifukia shimo.

Siku ya baraza watu walikusanyika asubuhi chini ya turubai karibu na msikiti. Mtaalamu wa mradi, aliyetoka mbali, alikuwa ameitwa mjini Mandera, akamwachia Nasteha maelezo yote kwa sababu lugha ni yake. Wazee walikaa mbele, na Keynan katikati yao kwenye kiti chenye mto. Nasteha alisimama. Alikuwa ameapa kutosema uongo hata wa neno moja. Angesema kweli, kisha angeikata katikati.

"Ardhi ya juu haina chumvi," alisema. "Ina mawe na miiba. Inataka samadi na jasho."

Wazee wakakunja nyuso. Jasho halikuwa bidhaa waliyoipenda.

"Ardhi ya chini ina chumvi nyingi. Nyingi kuliko mahali popote tulipochimba msitu mzima."

Hapo turubai lote likachangamka. Wafugaji wakageukiana, mmoja akasema mashallah, mwingine akaanza kuuliza kama inagawanyika. Keynan aliona wenzake wanaanza kuamka na yeye akaamka kabla yao.

"Naichukua mimi. Yote."

"Na shamba la mtoni?" aliuliza Maalim, polepole.

"Lile linabaki."

"Halibaki, Keynan. Ukichukua moja, unaachia moja. Hii ndiyo sheria, na wewe mwenyewe ulipaza sauti kuikubali."

Keynan akasita. Nasteha alimwona anasita. Shamba la mama yake lilikuwa linaning'inia kwenye ulimi wa mtu yule. Kisha Keynan akamgeukia yeye, jicho moja limefinywa.

"Naa, wewe mchimbaji. Ungekuwa wewe, ungechagua lipi?"

Nyuma ya watu, mzee Golicha alisimama na mifuko yake mkononi, anamtazama. Nasteha alimwona, akatazama kando.

"Mimi ningebaki mtoni, adeer," alisema. Na hiyo ilikuwa kweli tupu.

Keynan aliangua kicheko mpaka kofia ikamtoka. "Mmesikia? Binti wa Lul ananihurumia! Nibaki na tope la mama yake, chumvi waende nayo wengine!" Akawageukia wazee. "Lichukueni shamba la mtoni. Mpeni mbuzi, mpeni mjane, mpeni mnayemtaka. Someni Fatiha."

Maalim hakungoja aambiwe mara ya pili. Mikono ikainuliwa, Fatiha ikasomwa, amina ikaitikiwa na watu wote. Jambo likisomewa Fatiha mbele ya ukoo halirudi nyuma, na mwanamume anayelirudisha hana uso tena wa kuoga nao mtoni.

Nasteha angeweza kunyamaza hapo. Ndivyo alivyopanga: anyamaze, asubiri chumvi ipande yenyewe, mzee agundue peke yake. Lakini kisasi asichokijua aliyelipizwa ni nusu ya kisasi, naye alitaka chote. Kwa hiyo Keynan alipouliza kwa madaha aanze kupanda nini, alimjibu kwa sauti iliyofika hadi nje ya turubai.

"Panda ngamia, adeer. Kitu kingine hakitaota. Chumvi unayoifurahia inaua kila mmea wa shambani. Ukimwagilia, inapanda juu, na msimu wa pili utakuwa na uwanja mweupe wa kuchezea mpira. Mama yangu tayari ana shamba lake."

Mzee mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na kicheko kikalipuka. Walikuwa walewale wa siku ya chai, wanacheka kwa midomo ileile, sasa wakimcheka Keynan. Nasteha alisimama wima akakinywa kicheko kile kama maji baridi. Alingoja matusi. Alikuwa na majibu ya kila tusi, aliyatunga miaka mingi akiwa amelala chali akitazama paa.

Keynan hakutukana. Aliokota kofia yake, akaikung'uta, akamkaribia. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa na kitu kama fahari.

"Ndugu yangu, Mungu amrehemu, asingeweza jambo hili hata kwa adui," alisema kwa sauti ya chini, yao wawili tu. "Wala mama yako hawezi. Hili umelirithi kwangu."

Akampigapiga begani, kama mzazi anavyompongeza mtoto aliyefaulu, akaondoka na bakora yake. Majibu yote ya Nasteha yalikuwa ya matusi. La hili hakuwa nalo.

Alikwenda sokoni moja kwa moja. Lul alikuwa amekaa nyuma ya vibuyu vyake vya maziwa, na aliposikia kwamba shamba limerudi aliweka viganja usoni, akalia, akasema alhamdulillah mpaka wauzaji wa jirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Nasteha alimsimulia yote, chumvi, ngamia, Fatiha, kicheko cha wazee, na Lul akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Na Keynan?" aliuliza, akijifuta kwa pindo la mtandio. "Alipojua, alisema nini?"

"Hakusema kitu, hooyo," alijibu Nasteha.